Kwa aliyeumizwa, yaliyopita bado ni ndwele



Ndugu msomaji, naomba nianze na jambo nililoliona katika mkesha wa mwaka mpya, kwenye parokia moja ya upande wa Temeke nilikokwenda kusaidia Misa. Ilipotimu saa sita usiku, vijana wa mtaani walianza kurusha fataki. Waumini wakapiga vigelegele. Lakini dada mmoja wa kwaya, mtu mzima wa miaka ishirini na kitu, aliangusha daftari lake la nyimbo akatoka mbio. Tulimkuta nyuma ya sakristia amejikunyata chini, mikono masikioni, anatetemeka kama mwenye homa. Wanakwaya wawili wadogo wakaanza kucheka.

Mama yake alifika, akamfunika khanga, kisha akaniambia kwa sauti ya chini: "Baba Padri, msimshangae. Huyu ni mtoto wa mabomu. Nyufa za nyumba tulizibaziba. Za huyu hatukujua fundi wake ni nani."

Wakazi wa Mbagala hawahitaji kuelezwa maana ya "mtoto wa mabomu". Jumatano ya Aprili 29, 2009, ghala la silaha la jeshi lililokuwa Mbagala lililipuka. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, mamia walijeruhiwa na maelfu ya nyumba ziliharibika. Miaka miwili haijatimia, usiku wa Jumatano ya Februari 16, 2011, yakalipuka maghala ya Gongo la Mboto, wilayani Ilala. Kwa mara nyingine zaidi ya watu 20 walikufa. Maelfu walikimbilia Uwanja wa Uhuru, wazazi wakitafuta watoto na watoto wakitafuta wazazi.

Viongozi walifika, misaada ilitolewa, uchunguzi ulitangazwa. Fidia nazo zililipwa, pamoja na malalamiko yake yaliyoendelea kwa miaka. Kwa hiyo sisemi kwamba hakuna lililofanyika. Ninachojiuliza tangu usiku ule wa fataki ni kwa nini msichana aliyekuwa darasa la kwanza mwaka 2009 bado anakimbia leo, wakati nyumba yao ilishapigwa plasta siku nyingi.

Waswahili tunasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri kwa majirani waliogombania mpaka wa kiwanja. Lakini ndwele maana yake ni ugonjwa, na kuna watu ambao kwao yaliyopita ndiyo ugonjwa wenyewe. Wataalamu wa afya ya akili wanauita kiwewe. Tukio limekwisha kwenye kalenda, ila mwili bado unaishi ndani yake. Mtu hushtuka kwa mlio mdogo, huota ndoto zilezile, hukosa usingizi, hukwepa njia fulani, hukasirika bila sababu inayoonekana, au hufa ganzi hata asiweze kulia msibani. Hali hiyo si pepo, wala si upungufu wa imani. Nimesikitika kuona wagonjwa wa namna hii wakizungushwa kutoka maombezi hadi maombezi, wakikemewa, na kurudi nyumbani wakiamini kwamba hata Mungu amewashindwa.

Mtu wa namna hiyo anahitaji nini ili apone? Anahitaji kuwa salama, anahitaji wa kumsikiliza, anahitaji daktari na mshauri nasaha, anahitaji sala na Sakramenti. Hayo tunayataja mara nyingi. Lipo moja tunalolikwepa kwa sababu linawagusa watu wengine, tena mara nyingine wakubwa: aliyesababisha madhara akubali kwamba ameyasababisha, na ayabebe. Kwa neno la siku hizi, uwajibikaji.

Daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Judith Herman, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kuhusu kiwewe kimetumiwa na matabibu wengi duniani, alichapisha kingine mwaka 2023 baada ya kuwauliza walioumizwa: kwenu ninyi, haki ni nini? Wengi hawakutanguliza kifungo wala fedha. Walitanguliza ukweli: jamii iliyowazunguka ikiri kwamba jambo hili lilitokea, kwamba lilikuwa baya, na kwamba aibu yake ni ya aliyelitenda, wala si ya aliyetendwa.

Tuelewe kwa nini. Mtu aliyeumizwa hubaki na swali: kwa nini mimi? Asipopata jibu kutoka nje, hujijibu mwenyewe, na karibu kila mara jibu lake ni la kujihukumu. Mtoto atasema, "Ni kwa sababu nilichelewa kurudi." Mjane atasema, "Ningemzuia asitoke siku ile." Hatia isiyo na mwenyewe hutafuta pa kulala, na hulala kwa mtu dhaifu kuliko wote. Mkosaji anaposimama na kusema "ni mimi", anauondoa mzigo huo mahali ambapo haukustahili kuwapo.

Tufungue Biblia, Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 13. Sura hiyo haisomwi sana kanisani, na ninaelewa sababu. Tamari, binti wa mfalme Daudi, anadhalilishwa na Amnoni, kaka yake wa baba mmoja. Anatoka nje akilia, amerarua vazi lake, majivu kichwani. Hakujificha. Alitaka watu wajue. Na kaka yake mwingine, Absalomu, aliyempenda kweli, anamwambia nini? Anamwambia anyamaze, kwa kuwa mtenda ni ndugu yake, na asilitie jambo hilo moyoni. Daudi naye anapata habari. Biblia inasema alikasirika sana. Baada ya hasira hiyo hatusomi kwamba alimwita Amnoni, hatusomi kwamba alimfariji binti yake, hatusomi kwamba alifanya lolote.

Angalieni matunda yake. Tamari anabaki mkiwa katika nyumba ya Absalomu, na baada ya hapo maandiko hayatuelezi habari zake tena. Absalomu, aliyemwambia dada yake asilitie moyoni, yeye analitia moyoni. Miaka miwili baadaye anamuua Amnoni. Kisha anakimbia, anarudi, anaasi, na nchi nzima inaingia vitani baba kwa mwana. Yote hayo yalianzia kwenye chumba kimoja ambamo mfalme alikasirika na kukaa kimya.

La kushangaza ni kwamba sura moja tu kabla ya hapo, Daudi huyohuyo alikuwa amewajibishwa. Nabii Nathani alimwendea kuhusu damu ya Uria, akamsimulia kisa cha maskini na mwanakondoo wake, kisha akamwonyesha kwamba mtu anayesimuliwa ni yeye. Daudi hakuunda kisingizio. Alikiri, na uhai mpya ukaanza. Alijua utamu wa ukweli kwa nafsi yake, akashindwa kumpa binti yake ukweli huohuo. Ndugu zangu, hilo ndilo jaribu la kila mwenye mamlaka, awe baba wa familia, mwalimu mkuu, askofu, paroko au waziri.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Wenye umri wangu na zaidi wanakumbuka habari za Mzee Ali Hassan Mwinyi. Katika miaka ya sabini alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Huko Shinyanga, watu waliokamatwa kwa tuhuma walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Yeye hakuwapo, hakumgusa mtu hata kwa kidole. Hata hivyo, mwaka 1977 alijiuzulu, kwa sababu wizara ilikuwa yake. Je, wananchi walimdharau? Mwaka 1985 akawa Rais, na alipofariki Februari 2024, kujiuzulu kule kulikuwa miongoni mwa mambo yaliyokumbukwa kwa heshima. Muumini huyo wa Kiislamu alitufundisha sisi Wakristo sehemu ya katekisimu yetu: kuna makosa ambayo mkono wako haukuyatenda lakini bega lako linapaswa kuyabeba.

Tena katika jiji letu hili tunao mfano mwingine. Ijumaa ya Agosti 7, 1998, bomu lililipuliwa kwenye ubalozi wa Marekani, uliokuwa Oysterbay wilayani Kinondoni. Watu 11 walikufa na zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Kesi zilisikilizwa New York. Mwaka 2001 Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania mwenzetu, alihukumiwa kifungo cha maisha. Januari 2011 Ahmed Khalfan Ghailani, naye Mtanzania, akapewa adhabu hiyohiyo. Ajali ya ghalani na ugaidi ni vitu viwili tofauti kabisa, na sivifananishi. Ninachofananisha ni swali la mjukuu. Mjukuu wa aliyekufa Oysterbay akiuliza, "Bibi, ilikuwaje na nani alifanya?", bibi ana jibu lenye majina na hukumu. Hukumu haikumrudisha marehemu, ila ilimpa bibi mahali pa kuuweka mzigo. Mjukuu wa Mbagala akiuliza "nani alizembea?", majibu ninayoyasikia nikizungukia jumuiya ni ya aina mbili: kimya au tetesi. Na tetesi hazimlazi mtu usingizi.

Naandika haya nikijua kidonda kipya zaidi tulicho nacho. Jumatano nyingine, Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata, watu walikufa na kujeruhiwa katika mitaa yetu. Jiji liliwekewa amri ya kutotoka nje usiku, na intaneti ikazimwa. Zipo familia zilizosema hazikupata hata mwili wa kuzika. Maaskofu wetu walilaani mauaji hayo na kutaka ukweli na haki. Novemba mwaka huohuo Rais Samia Suluhu Hassan aliunda Tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman.

Mimi si mwanasiasa, wala sipimi hapa nani alikuwa sahihi katika uchaguzi. Naongea kama padri anayeketi na wafiwa. Sisi tunajua msiba una hatua zake: mwili unaoshwa, unaagwa, unazikwa, ndugu wanakaa matanga, kisha tanga linaanuliwa na watu wanarudi kazini. Familia isiyo na mwili wala maelezo haiwezi kuanua tanga. Mama anaendelea kuacha mlango bila komeo usiku. Baba anaipigia simu namba ambayo haipatikani. Wadogo wanakua katika nyumba ambayo mtu amekwenda bila kuondoka. Ukitaka kujua kwa nini uchunguzi wowote wa madhara ya watu haupaswi kuishia kabatini, usianzie kwenye sheria. Anzia kwa mama huyo. Kwake ukweli uliosemwa hadharani ni sehemu ya tiba, kama dawa za hospitali.

Hapa lazima niseme upande wa pili, nisije nikawatwisha walioumizwa mzigo mwingine. Kuwajibishwa kwa mkosaji si dawa inayofanya kazi peke yake. Majirani zetu Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, walianzisha mahakama za gacaca ambazo zilimaliza kazi mwaka 2012. Ukweli mwingi ulijulikana, na mifupa mingi ilipatikana ikazikwa. Lakini mtafiti Karen Brounéus aliyezungumza na wanawake waliotoa ushahidi alikuta wengi wao waliumia upya: walisimulia mbele ya umati, wakatishwa, wakarudi nyumbani peke yao na kumbukumbu zilizofunguliwa. Somo ni kwamba tusimsimamishe aliyeumizwa aseme ukweli kisha tumwache njiani. Anayetoa ushahidi anahitaji ulinzi, mshauri, na mtu wa kulala naye nyumba moja usiku ule.

Pia yapo madhara ambayo mkosaji wake amekufa, amekimbia, au hatakiri kamwe. Je, aliyeumizwa asipone? Hapana. Mungu hajaufunga uponyaji wa mtu katika mikono ya aliyemjeruhi. Pale mkosaji anapogoma, sisi tuliobaki tunaweza kumpa aliyeumizwa sehemu ya kile alichonyimwa. Tunaweza kumwambia: "Tumekusikia. Tunakuamini. Halikuwa kosa lako." Mara nyingi sentensi hizo tatu ndizo mwanzo wa safari.

Sasa tutoke kwenye mambo ya serikali, maana ni rahisi kuinyooshea kidole serikali huku milango yetu imefungwa. Utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi, na takriban mvulana mmoja kati ya saba, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Watoto hao hawakuumizwa na ghala la silaha. Waliumizwa majumbani, njiani, shuleni, mara nyingi na watu wanaowajua. Na baada ya hapo huitwa kikao cha ukoo. Mjomba anaonywa. Fedha kidogo zinatolewa. Binti anaambiwa asamehe kwa sababu "ni damu yetu", na Jumapili anakaa benchi moja na mjomba, anampa amani ya Kristo kwa mkono. Huko ndiko kumwambia Tamari anyamaze. Miaka kumi baadaye binti hataki kuolewa, au anakunywa, au anakaa kitandani wiki nzima, na ukoo uleule unauliza amerogwa na nani.

Nasi makuhani tusijitoe. Kanisa Katoliki limejeruhi watoto kupitia baadhi ya watumishi wake duniani, na mahali pengine wakubwa walichagua kulinda jina kuliko kumlinda mtoto. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria inayowalazimisha mapadri na watawa kutoa taarifa, na inayowagusa hata maaskofu wanaoficha. Hakufanya hivyo ili kuliaibisha Kanisa. Alifanya hivyo kwa sababu anayeficha kidonda huliacha kioze.

Kuna wanaosema, "Lakini Padri, Yesu alitufundisha kusamehe." Ni kweli, tena saba mara sabini. Basi tujikumbushe Kanisa linafundisha nini juu ya Sakramenti ya Kitubio. Mwenye dhambi anatakiwa kujuta, kuungama, na kutimiza malipizi. Katekisimu, namba 1459, inaeleza kwamba dhambi nyingi humdhuru jirani, na kwamba ni lazima kufanya linalowezekana ili kurekebisha: kurudisha kilichoibwa, kusafisha jina la uliyemchafua, kufidia uliyemjeruhi. Maondoleo yanafuta dhambi, lakini hayatengenezi peke yake kila kilichovunjwa. Zakayo alilielewa hilo bila kuandikiwa. Yesu alipoingia nyumbani kwake, hakusema "Bwana, yaishe". Alisimama, akataja alichofanya, akaahidi kurudisha mara nne. Ndipo Bwana akatangaza wokovu katika nyumba ile. Msamaha ni zawadi ya aliyeumizwa, aitoe kwa wakati wake. Hakuna mzee wa ukoo, wala padri, mwenye haki ya kuichukua mfukoni mwake na kumkabidhi mkosaji.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, nakuomba mambo machache kwa wiki hii. Kama kuna mtu katika jumuiya yako aliyepitia mabomu, vurugu, ajali, au ukatili wa nyumbani, mtembelee, na usiende na neno "yamepita". Nenda na masikio. Kama hali yake inamzuia kula, kulala au kufanya kazi, msindikize hospitali. Wataalamu wa afya ya akili wapo, na kumwona daktari si kumkana Mungu. Kama mtoto amekuambia jambo, usiitishe kikao. Mpeleke hospitali na kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Na kama wewe ndiye uliyeumiza mtu, iwe kwa mkono, kwa uzembe barabarani, au kwa kukaa kimya ukiwa na mamlaka ya kusema, usingoje Nathani akufuate. Nenda. Sema ni wewe. Uliza utarekebishaje.

Dada yule wa kwaya bado anaimba. Baada ya usiku ule, mwenyekiti wa kwaya aliwaita wale wawili waliocheka. Walikuwa watoto wadogo, hawakujua habari za Mbagala. Walipoelezwa, walikwenda nyumbani kwake wakiwa na mama zao, wakamwambia, "Shikamoo dada. Sisi ndio tuliocheka. Tunaomba utusamehe." Mama yake ananiambia alilia sana siku hiyo, na kwamba lilikuwa kosa dogo kuliko yote aliyowahi kutendewa, lakini lilikuwa la kwanza kuombewa radhi.

Mungu awape faraja wote wanaobeba vidonda visivyo na majina, na atupe sisi wengine ujasiri wa kuyataja.

Jumapili njema.